Nisomee yale madogo ya nyuma: ninavyochagua mchuzi wa dukani ulio halali

Mama mkwe wangu haoni vizuri vitu vya karibu. Kila akiingia jikoni kwangu huchukua pakiti yoyote iliyo mezani, akaninyooshea na kusema, "Mwanangu, nisomee." Miaka mingi nilikuwa namsomea jina kubwa la mbele na kumweleza picha, basi. Siku moja nilipomtajia kyubu za mchuzi wa ng'ombe alinikatiza. "Huyo ng'ombe wa mbele hata mimi namwona. Nisomee yale madogo ya nyuma."

Yale madogo yalianza na chumvi, ikafuata mafuta ya mawese, kiongezaladha, wanga, halafu maneno niliyozoea kuyaruka: mafuta ya ng'ombe. Nikamwambia, "Si ng'ombe tu, mama?" Akaniuliza, "Kamchinja nani?"

Sikuwa na jibu. Nikawaandikia watengenezaji, na baada ya siku kumi na moja wakanijibu kwa adabu zote kwamba bidhaa yao haina nguruwe hata chembe, ila ng'ombe wanaotoa mafuta hayo hawachinjwi kwa taratibu za Kiislamu. Kyubu hizo nilikuwa nimepikia nyumba nzima kwa miaka minne. Nilimwendea ustadhi nikiwa nimeinamisha kichwa. Akanituliza kwamba kilicholiwa bila kujua hakina dhambi, kisha akaongeza, "Lakini sasa unajua." Ndipo nilipoanza kusoma pakiti kama mtu anayesoma mkataba wa nyumba.

Kyubu si nyama iliyokaushwa

Wengi hudhani kyubu ni nyama iliyochemshwa ikakaushwa ikabanwa. Zamani mchuzi wa kopo ulikuwa karibu na hivyo. Katika karne ya 19 mkemia Mjerumani Justus von Liebig alibuni njia ya kuchemsha nyama hadi ibaki rojo nzito, na ilihitajika kama kilo 30 za nyama kupata kilo moja ya rojo hilo. Kyubu ya leo ni kitu kingine. Sheria za lebo katika nchi nyingi hutaka viambato viandikwe kwa uzito, kizito kwanza, na ukisoma kyubu utakuta chumvi imekaa kileleni huku nyama ikijikunyata mwishoni, mara nyingi kwa asilimia moja au mbili. Ziko kyubu za "ladha ya kuku" ambazo hazijawahi kukutana na kuku.

Kwa hiyo kuuliza "hii ni ya mnyama gani?" hakutoshi. Swali linalofaa ni "kila kilichomo humu kimetoka wapi?" Kyubu moja inaweza kuwa na vyanzo kumi na mbili, na kimoja tu kikiharibika, kimeharibu sufuria nzima.

Mimi huanza kwa kuondoa macho pasipo na hoja. Chumvi, sukari, wanga, kitunguu kilichokaushwa, manjano na viungo vingine vya shambani havinishughulishi. Kadhalika E330 (nambari zenye herufi E ni majina mafupi ya viongezwa vya chakula), ambayo ni asidi ya limau, siku hizi hutengenezwa kwa kuvu waliolishwa sukari. E150 ni rangi ya sukari iliyounguzwa. E551 ni madini ya jamii ya mchanga yanayozuia unga usigandamane, na E415 ni gundi inayotengenezwa na bakteria. Ukishazitambua hizi, orodha ya mistari sita hubaki mistari miwili.

E621, ile chumvi ya ladha ambayo watu huiogopa kwa mambo ya afya, nayo hutengenezwa kwa bakteria waliolishwa molasi ya miwa au wanga. Kwa kawaida haina shida ya uhalali. Lakini Indonesia, mwanzoni mwa mwaka 2001, ilizuka kashfa kubwa: baraza la maulamaa la huko, MUI, lilitangaza kwamba E621 ya kiwanda kimoja si halali kwa sababu chakula cha wale bakteria kilitayarishwa kwa kimeng'enya cha nguruwe. Bidhaa ikaondolewa madukani, ingawa Rais Abdurrahman Wahid, mwenyewe mwanazuoni, alisema yeye anaiona halali kwa kuwa kilichofika mezani hakina nguruwe ndani yake. Naikumbuka habari hiyo kila ninapotaka kujiona mjuzi. Kuna mambo yanayofanyika kiwandani ambayo lebo haitayasema hata uivalie miwani miwili, na hapo ndipo ithibati, yaani uthibitisho wa halali kutoka taasisi inayokagua, inapokuwa na kazi. Pasipo ithibati, E621 peke yake hainizuii kununua.

Maneno yanayonisimamisha

Mafuta ndiyo ya kwanza. Yakitajwa mmea wake, mawese, alizeti, soya, napita. Yakiitwa "mafuta ya wanyama" bila kusema mnyama gani, narudisha pakiti rafuni palepale. Yakiitwa ya kuku au ya ng'ombe, naanza kutafuta muhuri wa halali. Na kama pakiti imetoka nchi ambayo lugha yake huijui, yako majina ya mafuta ya nguruwe yanayofaa kukaririwa: lard kwa Kiingereza, saindoux kwa Kifaransa, strutto kwa Kiitalia, reuzel kwa Kiholanzi. Schmalz ya Kijerumani inaweza kuwa ya nguruwe au ya bata bukini. Manteca ya Kihispania ni mtego zaidi, maana Uhispania ni mafuta ya nguruwe, na Argentina neno hilohilo ni siagi. Usiihukumu pakiti wala usiiachilie kabla ya kusoma neno linalofuata.

Kisha nyama yenyewe, hata ikiwa asilimia moja. Surat al-Maida, aya ya 3, haikuharimisha nguruwe peke yake. Imetaja mzoga na damu pia, na mnyama asiyechinjwa kisheria yuko kwenye kundi la mzoga. Ndiyo maana maandishi ya "haina nguruwe" si jibu. Wako Waislamu wanaotegemea aya ya 5 ya sura hiyohiyo kuhusu chakula cha watu waliopewa Kitabu, yaani Wayahudi na Wakristo, na mimi sibishani nao mezani. Ninachosema ni kwamba unga wa kuku ulionunuliwa na kiwanda kutoka kwa muuzaji aliyenunua kwa muuzaji mwingine hauna anayejua kuku wake alikatwa na nani, kwa kisu au kwa mashine.

E631 na E635 ndizo nambari zinazopitwa na watu wengi. Ni viongezaladha vinavyowekwa pamoja na E621 ili kidogo kionekane kingi. E631 inaweza kutoka kwenye nyama, kwenye samaki, au kwa uchachushaji wa wanga, na ndani ya E635 mna E631 pia. Lebo haisemi ni ipi. Nikiziona kwenye kyubu yenye alama ya mboga tupu, natulia, kwa sababu hazingeweza kutoka kwenye nyama. Nikiziona kwenye kyubu ya nyama isiyo na muhuri, naandika barua.

E471 husaidia mafuta na maji vishikane. Hutoka kwenye mafuta ya mimea au ya wanyama. E572 ni hivyohivyo. Jelatini hutokana na ngozi na mifupa, ya nguruwe au ya ng'ombe au ya samaki, na ikiandikwa jelatini tu bila kutajwa asili yake mimi nahesabu imekataa kujitambulisha. Hapa utamsikia mtu akisema jelatini imeshabadilika maumbile, kwa hiyo imetoharika. Hiyo ni mada ya istihala, na madhehebu hayakukubaliana: Hanafi na Maliki wameipa nafasi pana, Shafii wameibana sana, na hata wanaoikubali wamegawanyika kama jelatini inaingia humo. Sina elimu ya kuwaamua. Nina elimu ya kununua kyubu isiyo na jelatini, na ziko tele.

Dondoo ya hamira ni neno jingine. Mara nyingi ni hamira ya kuokea mikate, haina neno. Ila ipo inayotokana na mashapo ya viwanda vya bia, na baadhi ya wanaotoa ithibati huitazama kwa jicho kali. Kama lebo imesema hamira ya bia, mimi naiacha.

Halafu "ladha" au "ladha asilia". Neno hilo ni mlango uliofungwa. Nyuma yake kunaweza kuwa na mafuta ya viungo yaliyoyeyushwa kwa spiriti, au harufu ya nyama iliyopatikana kwa kupasha moto sukari pamoja na asidiamino, vile vijenzi vya protini. Mojawapo ya asidiamino hizo ni E920, ambayo kihistoria imetolewa kwenye manyoya ya ndege na nywele, ingawa sasa ipo pia ya uchachushaji. Na kwa kuwa imetumika kutengeneza ladha tu, nambari yake huenda isionekane popote.

Mwisho pombe. Kwenye kyubu kavu si jambo la kawaida sana. Ila kwenye mchuzi wa majimaji, kwenye rojo la chupa, na hasa kwenye ile michuzi mizito ya mtindo wa Kifaransa, divai huandikwa waziwazi na watu hawaioni kwa sababu macho yao yanatafuta nguruwe. Siki usiichanganye na divai: divai iliyogeuka siki yenyewe ni halali kwa wanazuoni wote, na Mtume (s.a.w.) aliisifu siki kuwa ni kitoweo kizuri.

Alama zinazofanana na halali

Alama ya mboga tupu imenisaidia kuliko nyingine zote, mradi niijue mpaka wake. Inaniondolea nyama, mafuta ya wanyama, jelatini na E631 ya nyama kwa mkupuo mmoja. Haiondoi pombe. Nilishawahi kushika mchuzi wa uyoga wenye alama hiyo mbele na divai nyeupe nyuma. Basi nikiona alama ya mboga, kazi yangu inabaki kutafuta divai, bia na spiriti.

Kosher, alama ya chakula kinachoruhusiwa kwa Wayahudi, nayo ni jamaa, si ndugu wa tumbo moja. Inamkataa nguruwe, lakini divai kwao ni sehemu ya ibada. Ukiona neno pareve, maana yake hakuna nyama wala maziwa. Samaki anaweza kuwemo, divai pia.

Maandishi ya Kiarabu kwenye pakiti ni tafsiri ya lebo kwa soko la Waarabu. Hayana uzito wa fatwa. Na ile sehemu ya "inaweza kuwa na chembe za" imewekwa kwa ajili ya wenye mzio wa maziwa, ngano, mayai, samaki na mfano wake. Nguruwe hayumo katika orodha ya mzio, kwa hiyo kukosekana kwake pale hakukuhakikishii kwamba mashine haikupitisha supu ya nguruwe asubuhi yake.

Muhuri wa halali wenyewe ndio bora, ukiwa na mwenyewe. Neno "halal" lililochapwa tu na mtengenezaji ni neno lake mwenyewe kujisifu. Tafuta jina la taasisi: JAKIM ya Malaysia, MUIS ya Singapore, IFANCA ya Marekani yenye herufi M ndani ya hilali, na nyinginezo. Kisha ujue taasisi hazina msimamo mmoja. Uingereza, kwa mfano, HMC haikubali mnyama kupigwa umeme kabla ya kuchinjwa, wakati HFA inaukubali ule usiomuua. Chagua ile inayoendana na unachoamini, uache kumsakama jirani aliyechagua nyingine.

Na jambo hili limewatia wengi matatani: muhuri ni wa kiwanda na bidhaa, si wa jina la biashara. Kampuni ileile hupika kyubu yake katika nchi mbalimbali kwa mapishi mbalimbali. Rangi moja, jogoo mmoja kwenye karatasi, muhuri upo kwenye ile na haupo kwenye hii. Ndugu akikuletea zawadi kutoka safarini, mshukuru, halafu isome upya kama hujawahi kuiona. Mapishi pia hubadilika kimyakimya. Mimi hukata kipande cha karatasi chenye viambato nikakitia ndani ya mtungi wa kyubu, na nikinunua pakiti mpya nalinganisha. Ni kazi ya nusu dakika.

Kyubu, unga, rojo au mchuzi wa boksi?

Nikipewa hiari bila muhuri wowote, nachukua unga wa mboga wenye viambato vichache kabisa. Kyubu huhitaji mafuta ili ishikane. Unga unaweza kufanya bila hayo. Rojo la kopo hugandishwa na kitu, mara nyingi gundi za mimea kama E410 na E415, mara nyingine jelatini. Mchuzi wa boksi ndio wenye nyama ya kweli iliyochemshwa kwa maji, kwa hiyo ndio ninaoudai muhuri bila mjadala. Mchuzi wa samaki hauna suala la kuchinja, lakini angalia kama umetiwa divai, na kama wewe ni Hanafi angalia pia kaa na chaza, maana kwenu si kila cha baharini kinaliwa.

Barua ninayowaandikia

Simu hujibiwa na mtu anayesoma kwenye skrini. Andika, upate maandishi. Yangu huwa hivi: "Natumia bidhaa yenu (jina, uzito, nambari ya toleo, na nchi iliyotengenezwa). Naomba kujua: mafuta yake ni ya mmea au ya mnyama, na kama ni ya mnyama, yupi, na alichinjwa vipi? E631 au E635 inatoka kwenye nini? Ladha zimeyeyushwa kwa kitu gani, kuna pombe? Dondoo ya hamira ni ya mikate au ya bia? Mashine hiyohiyo hutengeneza bidhaa zenye nguruwe, na kama ndiyo, husafishwaje?"

Maswali matano, yenye majibu mafupi. Ukiuliza tu "je, ni halali?" watakujibu kwamba hawana ithibati, na utakuwa hujajua lolote. Jibu la "haina nguruwe" ni jibu la swali ambalo hukuuliza, waandikie tena. Jibu la "ladha zetu ni siri ya kiwanda" nalielewa kuwa ni hapana. Kampuni moja ilinijibu swali moja baada ya jingine, ikanitumia hadi jina la mmea uliotoa wanga wa E631 yao, mhogo, na tangu siku hiyo sijanunua nyingine.

Wakikaa kimya, iache. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba halali iko wazi na haramu iko wazi, na kati yake kuna yenye utata ambayo watu wengi hawayajui. Kyubu si maji ya kunywa, hakuna anayelazimika.

Ukishainunua

Lebo nyingi huonyesha chumvi kwa gramu 100. Ikiwa imeandikwa 50, kyubu ya gramu 10 ina gramu 5 za chumvi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifike gramu 5 kwa siku nzima. Kama imeandikwa sodiamu badala ya chumvi, zidisha kwa 2.5. Mimi hutia nusu kyubu mahali pa moja, nikaonja, na chumvi ya mkono huja mwisho kabisa.

Au uchemshe mwenyewe

Nilipochoka na barua nilianza kuhifadhi mifupa. Kuku wangu nanunua kwa mchinjaji ninayemjua. Nikishakula nyama, mgongo, shingo na miguu huenda kwenye mfuko ndani ya friza. Ikifika kilo moja naitia sufuriani na lita mbili za maji baridi, kitunguu kimoja kilichokatwa katikati, karoti, na punje chache za pilipili manga. Bila chumvi. Maji yakikaribia kuchemka povu la kijivu litapanda. Liengue lote, halafu punguza moto hadi vipovu vipande kimoja kimoja. Ukiuacha uchemke kwa vurugu, mafuta yatachanganyika na maji na supu itakuwa na ukungu. Saa mbili hadi tatu kwa kuku, sita hadi nane kwa mifupa ya ng'ombe. Mifupa ya samaki nusu saa tu, ukizidisha ladha itakuwa chungu.

Chuja, kisha poza haraka kwa kukalisha sufuria kwenye beseni la maji baridi. Isikae nje zaidi ya saa mbili. Ndani ya jokofu itaganda kama jeli, na hiyo ndiyo jelatini pekee ninayojua imetoka wapi. Mafuta yaliyoganda juu usiyatupe, ni ya kukaangia vitunguu. Supu inakaa siku tatu au nne.

Ukitaka kyubu zako, rudisha supu iliyochujwa motoni bila kifuniko hadi lita mbili zibaki vikombe viwili, mimina kwenye trei ya barafu, gandisha, halafu hamishia kwenye mfuko ulioandikwa tarehe na jina la mnyama. Kipande kimoja kinatosha mchuzi wa watu wawili. Andika kwa herufi kubwa. Yangu naiandika kwa kalamu nene nyeusi, mama mkwe aweze kujisomea.